Viatu vya Mfumwa Senkondo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini? Pakawa ndiva yenye maji, mfereji wenye mkondo, na mtawala mwenye watu. Kisha maji yakaondoka, na watu wakataka kuyafuata.

Sogeeni basi. Wewe uliyekaa upande wa moshi, hamia huku, usije ukatokwa machozi ukasema ni hadithi yangu.

Hapo zamani za kale, wanyama na watu walipokuwa bado wakisalimiana njiani na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na nchi ya milimani iliyoitwa Kirundo. Kirundo hakukuwa na mto. Kulikuwa na chemchemi moja tu, tena nyembamba, iliyotoka mwambani kwa kusitasita. Watu wa kale walichimba chini yake bwawa la udongo, wakaliita ndiva. Usiku maji yalijaa ndivani. Asubuhi mlango wa ndiva ulifunguliwa, maji yakateremka mferejini, yakapita shamba la huyu, yakapita shamba la yule, mpaka kwa watu wa bondeni, ambao ndio waliokuwa wa mwisho kuyapata na wa kwanza kuyakosa.

Mtawala wa Kirundo aliitwa Mfumwa, na Mfumwa wa hadithi yetu ni Senkondo, aliyerithi kiti cha baba yake angali kijana. Hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu nawajua ninyi, mkisikia neno mtawala tu mnaanza kumtafutia kosa. Senkondo alitaka sana kuwa mfumwa mzuri. Shida yake ilikuwa moja: hakujua mfumwa mzuri anafanya nini, na aliona haya kuuliza.

Sasa kulikuwa na desturi. Kila mwaka masika yakikatika, baragumu lilipulizwa, na nchi nzima ikaenda msaragambo, yaani kazi ya pamoja isiyo na malipo wala kisingizio. Walifungua ndiva maji yakatoka yote, wakavua viatu wakaviacha ukingoni, wakaingia topeni peku. Mfumwa ndiye aliyetangulia. Walishikana mabega, wakakanyaga udongo wa chini kutwa nzima huku wakiimba:

Kanyaga! — Tope!
Nani kaingia? — Sote tumeingia!
Nani kabaki? — Hakuna aliyebaki!

Itikieni vizuri, tutauhitaji wimbo huu mbele.

Kwa nini walikanyaga? Hapo ndipo penye kizungumkuti. Waliojua sababu walikwisha kufa zamani, na waliobaki walijua wimbo tu. Walidhani ni ngoma ya mavuno, na ngoma yenyewe ilikuwa tamu, basi nani aulize?

Mwaka wa kwanza wa Senkondo, siku ya msaragambo ilipokaribia, alijiwa na mshauri wake. Mshauri huyo alikuwa Pimbi, yule mnyama mnene wa majabalini asiye na mkia, ambaye kazi yake ni kuota jua na kutoa maoni.

"Mfumwa wangu," Pimbi akasema, "mguu wako ndio mguu wa nchi. Utautiaje topeni mbele ya watu?"

"Lakini baba alikuwa akiingia," Senkondo akasema.

"Baba yako alikuwa na miguu mikubwa."

Senkondo akalitafakari jibu hilo kulia, akalitafakari kushoto, asione maana yake. Lakini Pimbi alilisema kwa sauti nzito sana, na Senkondo akaogopa kuonekana mjinga. Akawekewa kigoda ukingoni mwa ndiva. Watu wakaingia, wakashikana mabega, wakaimba. Walipofika pale pa "Nani kabaki?" macho yote yakapanda kwenye kigoda. Kisha wakaitikia, "Hakuna aliyebaki," lakini kwa sauti ya chini. Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote alikuwa Senkondo, kutoka kigodani.

Mwaka wa pili jua lilikuwa kali. Pimbi akaja tena.

"Mfumwa wangu, mzee akishindwa kwenda harusini hutuma fimbo yake, na fimbo hupewa nyama kama mwenyewe. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi tuma viatu."

Viatu vya Senkondo vilikuwa makubadhi ya ngozi ya nyati, yenye nakshi nyekundu kidoleni. Vikabebwa kwenye ungo, vikawekwa juu ya kigoda, na Pimbi akatangaza, "Mfumwa amefika!" Watu wakatazamana. Wakaviamkia viatu, kwa kuwa walikuwa watu wenye adabu. Wakakanyaga kidogo, wakaimba kidogo, wakarudi makwao mapema.

Mwaka wa tatu baragumu likalia. Senkondo alikuwa barazani kwake, ametega sikio, maana kwa kweli aliupenda ule wimbo. Akasubiri. Hakusikia kitu. Pimbi akarudi anahema.

"Wamefika wote, Mfumwa wangu. Hakuna nyumba iliyokosa."

"Mbona sisikii wimbo?"

"Viatu haviimbi, Mfumwa wangu."

Senkondo akaondoka mbio, peku vilevile. Alipofika ndivani akakuta ukingo umejaa viatu. Viatu vya wazee, viatu vya kina mama, viatu vidogo vya watoto, vimepangwa kwa heshima vikielekea kigoda, na mbele ya vyote yamekaa makubadhi yake mwenyewe. Ndani ya ndiva hamkuwa na mtu. Alikuwamo Chura tu, mwenyeji wa mahali hapo, amekaa katikati anashangaa.

Senkondo akataka kukasirika, akayaona makubadhi yake. Akataka kucheka, akaona hakuna wa kucheka naye. Akarudi nyumbani bila kufanya hata moja.

Haukupita muda, maji yakaanza kupungua. Chemchemi ilitiririka vilevile usiku kucha, lakini asubuhi ndiva ilikuwa nusu. Kisha robo. Kisha ikawa inalowanisha kisigino.

Nyie mnaocheka pembeni, nyamazeni. Mnajua, najua. Yeye hajui, na msimwambie.

Senkondo akamwita Nyegere, mlinzi wake, mnyama mwenye kucha ndefu na hasira fupi.

"Maji yangu yako wapi?"

"Yanaibwa, Mfumwa. Watu wa bondeni wanakuja kuteka kabla ya zamu yao."

"Umewaona?"

"Sijawaona. Ndiyo maana nasema ni wezi hodari."

Senkondo akakuna kichwa. Neno lilionekana kuwa na akili, na pia lilionekana kuwa halina. Akamweka Nyegere alinde mlango wa ndiva. Watu wa bondeni waliposikia kuna mlinzi, wakasema, "Kumbe Mfumwa ndiye anayejitekea, sasa kaweka mtu asionekane." Wakamtuma Kanga amchunge Nyegere. Senkondo naye akamtuma Kicheche amchunge Kanga. Wakakaa hapo watatu, wanatazamana bila kupepesa, na nyuma ya migongo yao maji yakazidi kupungua.

Siku moja barazani, Chura akaja amejikokota, ngozi imekauka.

"Mfumwa, mimi mwizi simjui," akasema. "Ninachojua ni kwamba zamani mlikuwa mkinikanyagia kwangu mpaka nikaomba dua muondoke. Siku hizi sikanyagiwi, nalala raha. Na maji siyaoni."

"Chura anataka kukanyagwa!" Pimbi akapiga kelele. Baraza zima likaangua kicheko, na Senkondo akacheka pamoja nao ingawa hakuwa ameelewa kinachochekesha. Chura akageuka, akaenda zake.

Basi Senkondo akaamuru vyungu vya watu vipekuliwe. Akashuka mwenyewe bondeni na Nyegere. Wakapekua nyumba ya kwanza, chungu kikavu. Wakapekua ya pili, chungu kikavu. Wakafika ya tatu, kwa Mama Naetwe, mjane aliyewaongoza kina mama wa bondeni katika kilimo na katika kusema ukweli. Naye alikuwa amesimama mlangoni na chungu chake amekwisha kukipindua chini juu.

"Karibu, Mfumwa. Nimekurahisishia kazi."

"Mama, usikasirike. Naomba tu kujua, maji yenu yako wapi?"

"Yetu?" Mama Naetwe akacheka kicheko kibaya. "Tazama maharage yangu. Yametoa maua, yakasubiri maji, yakachoka kusubiri. Ukimaliza kupekua vyungu vyangu, na mimi nije nipekue vyako."

"Njoo," Senkondo akasema.

Nyegere akashtuka, Mama Naetwe akashtuka zaidi, na aliyeshtuka kuliko wote ni Senkondo, maana neno lilimtoka tu. Kina mama wakapanda mlima, wakaingia nyumbani kwa Mfumwa, wakapekua jikoni mpaka uvunguni. Vyungu vikavu. Mtoto wake mdogo akawaomba maji. Kina mama wakatoka nje.

"Kama wewe hukuiba," Mama Naetwe akauliza, "na mimi sikuiba, nani kaiba?"

Senkondo hakuwa na jibu. Mama Naetwe naye hakuwa nalo, na ndiyo ilikuwa hatari yenyewe, kwa sababu mtu akikosa jibu hurudia jibu lake la zamani. "Umeficha mahali pengine," akasema. "Wewe ni mwizi, tena unajua kuficha." Akalisema hilo mbele ya watoto wa Senkondo, na likamchoma.

Watu wa bondeni wakakaa kikao kifupi. Wakaamua kuhamia tambarare, kwenye mito ya watu wengine. Watu wa juu waliposikia nao wakasema, tukibaki peke yetu nani atatusaidia kuvuna? Na sisi tunakwenda. Kirundo yote ikaanza kufunga mizigo.

"Waache waende," Pimbi akasema. "Mfumwa ni mfumwa tu."

"Mfumwa wa nani?" Senkondo akauliza.

Pimbi akatazama huku, akatazama kule. "Wa mawe," akasema, "na mawe ni watulivu sana."

Senkondo hakula siku hiyo. Aliogopa, nawaambia kweli. Aliona jinsi atakavyokaa kwenye kiti cha baba yake katika nchi isiyo na moshi hata wa jiko moja. Kulipopambazuka akasikia mbuzi wanaswagwa, akajua safari imeanza. Akatoka bila mshauri, bila mlinzi, bila viatu, maana viatu vyake vilikuwa bado kigodani, vikimwakilisha. Alikuwa na wazo moja tu, la mtu aliyechanganyikiwa: aende ndivani, amtafute huyo mwizi kwa mikono yake mwenyewe.

Akaingia. Hapa pakavu, hapa tope, hapa pakavu tena. Udongo ulikuwa umepasuka nyufa pana, nyingine zimefunikwa na tope jepesi juu. Akapiga hatua moja, akapiga ya pili, ya tatu ikaenda chini yote. Mguu ukazama kwenye ufa mpaka gotini, ukabanwa. Akavuta, ukakataa. Akavuta tena, ukazidi kushuka.

Njia ya kwenda tambarare ilivuka mlima, ikapita chini kidogo tu ya ukingo wa ndiva. Watu walikuwa wanapita pale na mizigo kichwani. Hawakuweza kumwona, lakini waliweza kumsikia.

"Njooni!" Senkondo akaita. "Mimi Mfumwa nawaamuru!"

Watu wakasimama. "Leo katuma amri," mmoja akasema. Wakacheka, wakaendelea.

"Njooni! Nitawapa kila mmoja mbuzi!"

"Leo katuma ahadi," mwingine akasema. Wakaendelea.

"Njooni, jamani! Nimenasa! Niko hapa!"

"Leo katuma sauti," Mama Naetwe akasema. "Viatu vimeshindwa, sasa katuma sauti." Nao wakaendelea.

Tope lilikuwa limefika pajani. Karibu naye Chura alikuwa amekaa kwenye kidimbwi kilichobaki, nacho kilikuwa kinashuka taratibu machoni pake.

"Chura, dada yangu," Senkondo akasema kwa sauti ya mtu aliyeishiwa, "maji yetu yako wapi?"

"Umeyakalia," Chura akasema. "Yanashukia hapo hapo ulipo."

Senkondo akalisikia, lakini hakulielewa bado. Alichoelewa ni kwamba nyayo za watu zinafifia. Hakuwa na amri tena, wala ahadi, wala sauti ya kutosha. Akakumbuka wimbo. Akaanza kuuimba peke yake, akijiuliza na kujijibu, na alipojibu alishindwa kusema uongo:

Kanyaga! — Tope!
Nani kaingia? — Mimi nimeingia!
Nani alibaki? — Mimi ndiye niliyebaki!

Kule njiani Mama Naetwe akasimama. Akausikiliza mara ya kwanza, akausikiliza mara ya pili. Maneno yale hayakuwa ya wimbo anaoujua. Akatua mzigo, akapanda ukingoni, na nia yake ilikuwa kucheka. Akachungulia. Akamwona Mfumwa wa Kirundo amezama nusu, uso wote tope, shanga za shingoni tope, analia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Hakucheka.

"Kweli umo," akasema.

"Nimo, mama."

Mama Naetwe akavua viatu, akaingia. Akamshika mkono, akavuta, na yeye akazama mpaka kifundoni. Akaita wenzake. Wakaja wa bondeni, wakaja wa juu, akaja Nyegere na kucha zake, akaja Kanga anapiga kelele. Wakashikana mabega ili wasizame. Wakavuta wakakanyaga, wakakanyaga wakavuta, na kwa kuwa watu hawawezi kuvuta bila wimbo, wakauimba ule ule. Jua lilipofika utosini, mguu ukatoka, na wote wakaanguka chali.

Wakakaa ukingoni wanahema. Senkondo akawatazama, nao wakamtazama, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze kugomba. Wakati huo chemchemi ilikuwa inachuruzika polepole kama kawaida yake. Maji yakateremka ndivani. Yalipopita penye nyufa yakanywewa. Yalipofika mahali walipokanyaga, yakatulia. Yakakaa. Yakaongezeka. Chura akajitupa humo, akafumba macho.

Kisha Senkondo akaongea, na kila mtu aliona jinsi alivyokuwa akilitafuta neno.

"Kwa hiyo... mwizi hakuwepo?"

"Hakuwepo," Mama Naetwe akasema.

"Na mimi nimewapekulia vyungu."

"Umetupekulia. Na mimi nimekuita mwizi mbele ya watoto wako."

"Nisamehe, mama."

"Nisamehe na wewe, baba."

Senkondo akafuta tope machoni. Furaha ilimjaa ghafla, akasimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ukiwa bado unauma. "Basi sasa mnaniamini!"

"Bado," Mama Naetwe akasema.

Senkondo akakaa tena chini. "Hata leo? Na tope lote hili?"

"Leo ulikuja kumtafuta mwizi, ukanasa. Hukuingia kwa ajili yetu. Hatukuchukii, tutafungua mizigo, lakini kukuamini ni jambo lingine. Kesho tutakanyaga palipobaki. Uje. Mwakani baragumu litalia. Uje. Tukikuzoea humu, tutakuamini bila hata kujua tumeanza lini."

Kesho yake Senkondo akaja, anachechemea. Kigoda alikirudisha nyumbani yeye mwenyewe, akakipeleka jikoni, wakakikalia wapishi. Maharage ya Mama Naetwe hayakupona, hilo siwadanganyi. Yaliyokufa yalikufa. Lakini alipanda mengine.

Mwaka uliofuata baragumu lilipolia, mpulizaji hakuwahi kumaliza pumzi yake, Senkondo alikuwa amekwisha kuingia. Watu wakamfuata wote, ukingo ukajaa viatu. Wakashikana mabega, Mfumwa kati ya Mama Naetwe na mfuga mbuzi mmoja mwenye miguu mizito. Wakafika pale penyewe.

"Nani kabaki?"

Wakageuza macho ukingoni, kwa mazoea. Kigoda hakipo. Juu ya jiwe yupo Pimbi, anaota jua.

"Pimbi kabaki!" nchi nzima ikapiga kelele, na kicheko kikasikika mpaka tambarare. Pimbi akasema yeye anawakilisha mawe. Yupo juu ya jiwe mpaka leo, kamwulizeni.

Jua lilipokuchwa wakatoka, wamechoka, hawajulikani nani ni nani kwa tope. Hapo ndipo ikaja vurugu ya viatu. Huyu kavaa cha yule, yule kashika cha mwingine, watoto wamechanganya vyote kwa makusudi. Senkondo akatafuta makubadhi yake yenye nakshi nyekundu. Akapata moja. La pili hakuliona. Akavaa kiatu kilichokuwa karibu, kikubwa, kimetoboka kisigino, akateremka nacho kwenda nyumbani, na njiani akakutana na Mama Naetwe ana nakshi nyekundu kwenye mguu mmoja.

Wakatazamana miguu. Hakuna aliyesema, nirudishie.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa ndiva. Anayetaka kuiendeleza, avue viatu kwanza.